Mazoea ya Chombo cha Kwanza

Kila mwanachuo wa ualimu hufundishwa mapema kanuni ya kutoka katika jambo linalojulikana kwenda katika jambo lisilojulikana. Kanuni hiyo ni njema, lakini ina upande wa pili usiozungumzwa sana: lile linalojulikana huweza pia kumpoteza mwanafunzi. Upande huo niliuelewa barabara kwa mpwa wangu, ambaye ni rubani.

Mpwa wangu alikuwa amerusha kwa miaka kadhaa ndege ndogo aina ya Cessna 206, yenye injini ya pistoni ya silinda sita. Kisha alitakiwa ajiandae kurusha Cessna 208 Caravan, yenye injini ya tabini. Alipokuja likizo hapa Mnyambe alichukua kitabu chake cha mafunzo, akaniomba nimwulize maswali kila jioni. Urubani siujui, ila kuuliza maswali ndiyo kazi yangu.

Nilidhani kwamba mtu aliyekwisha kuwa rubani angeongeza mambo machache tu. Sivyo nilivyoona. Katika injini ya pistoni, mafuta hulipuka kwa zamu ndani ya silinda. Katika tabini, hewa hushindiliwa, huchanganywa na mafuta na kuwaka mfululizo, na gesi ya moto huzungusha magurudumu yenye mapanga madogo. Hata mafuta ni mengine: tabini hutumia mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, siyo petroli ya ndege.

Hatari kubwa imo katika kuwasha. Stata huizungusha injini kwanza. Rubani hungoja mzunguko ufikie angalau asilimia 12, ndipo afungue mafuta, macho yakiwa kwenye kipimo cha joto. Akifungua mapema, hewa haitoshi, na joto huweza kupanda kwa sekunde chache hata kuyaunguza mapanga. Hapo hana budi kuyafunga mafuta papo hapo.

"Tatizo ni mkono wangu, mjomba," alisema. "Injini ya pistoni ikisitasita huichochea kwa mafuta mpaka iwake. Na wakati wa kuruka huusukuma mkono wa nguvu mpaka mwisho. Katika Caravan, nikifanya hivyo pwani kwenye hewa nzito, nitapita kiwango ambacho mashine inaruhusiwa kubeba."

Angalieni, wanachuo: mazoea hayo hayakuwa ujinga. Yalikuwa ujuzi sahihi wa chombo cha kwanza. Marubani wa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililovunjika mwaka 1977, walikabiliwa na kazi ya namna hiyo katika miaka ya 1960, walipotoka katika Dakota za pistoni kuingia katika Fokker Friendship za tabini.

Jioni ya kwanza nilimwuliza, "Asilimia ngapi?" Akajibu 12 bila kusita. Nikamwuliza, "Kwa nini isiwe 8?" Akanyamaza, akafungua kitabu. Kesho yake alinieleza habari ya hewa na joto kwa maneno yake mwenyewe. Baada ya hapo tulichora safu mbili katika daftari: mkono hufanya nini katika chombo cha kwanza, na nini katika cha pili. Aliketi kitini, akizipitia hatua kwa mkono na kuzitamka kwa sauti. Penye tofauti tuliuliza sababu.

Sasa tutazame Darasa la Kwanza. Watoto wengi wa Newala huandika "chitabu" na "chiti". Mwalimu asiyefikiri huona uzembe, akatia alama nyekundu, au hata kuchukua fimbo. Lakini katika Kimakonde kiambishi hicho ni *chi-*. Mtoto ametumia kanuni sahihi ya lugha yake ya kwanza. Alama nyekundu humwambia kwamba amekosa, haimwambii wapi njia mbili zimeachana. Mtoto aadhibiwaye kwa jambo analolijua hujifunza kunyamaza, na mtoto anyamazaye hafundishiki. Andika ubaoni safu mbili, *chi-* na *ki-*, watoto wataje mifano wenyewe kutoka nyumbani, kisha wazitamke zote mbili. Ukihamishiwa Masasi, sikiliza upya: Kiyao hapo hufanana na Kimakonde, lakini Kimakua kina njia yake.

Kwa hiyo, katika andalio lako la somo, usitosheke na kuandika mambo ambayo watoto wanayajua na yale wasiyoyajua. Ongeza mstari mmoja: ni lipi wanalolijua litakalowapoteza leo? Mstari huo huwezi kuunakili katika kitabu cha kiongozi cha mwalimu. Utaupata kwa kuwasikiliza watoto wanapozungumza wao kwa wao, kabla kengele haijalia.