SAA ZA KUNI NAZO ZIHESABIWE



Leo nataka tuzungumze juu ya neno moja fupi. Neno hilo ni "kazi". Sote tunalijua. Lakini tukiulizwa nani anafanya kazi na nani hafanyi, mara nyingi majibu yetu hayasemi ukweli wote.

Mimi ni mkulima wa huku Singida. Nalima alizeti na uwele. Nina watoto wanne. Siku moja wadadisi wa takwimu walipita kijijini kwetu wakiuliza habari za kazi. Kwa jirani yangu walimkuta mume. Wakamwuliza, "Mama wa hapa anafanya kazi gani?" Akajibu, "Hana kazi. Yuko nyumbani tu."

Wakati huo mama huyo hakuwapo nyumbani. Alikuwa porini akitafuta kuni. Aliondoka alfajiri na mtoto mgongoni. Mume wake hakusema vile kwa ubaya. Ndivyo tulivyozoea. Kwetu sisi, kazi ni ile inayoleta fedha.

Wataalamu wa takwimu za kazi wa nchi nyingi walikutana Geneva, Uswisi, mwaka 2013. Walikubaliana kwamba kazi ni shughuli yoyote ya kutengeneza vitu au kutoa huduma, iwe kwa ajili ya watu wengine au kwa matumizi ya nyumbani. Kwa hiyo kuteka maji ni kazi. Kuokota kuni ni kazi. Kupika na kulea watoto ni kazi pia, hata kama hakuna mshahara. Hapa Tanzania, Utafiti wa Watu Wenye Uwezo wa Kufanya Kazi wa mwaka 2006 na ule wa mwaka 2014 uliuliza hata jinsi watu wanavyotumia saa zao kwa siku.

Katika darasa letu la kisomo cha watu wazima tuliandika hesabu hii ubaoni. Tulitumia safari zangu mwenyewe. Nilikuwa naenda kuni mara 3 kwa wiki. Kwenda, kukusanya, kufunga tita na kurudi ni saa 4.

Saa 4 mara 3 ni saa 12 kwa wiki.
Saa 12 mara wiki 52 ni saa 624 kwa mwaka.
Mtu wa ofisini hufanya kazi saa 8 kwa siku. Saa 624 gawanya kwa 8 ni siku 78.

Siku 78 ni zaidi ya miezi miwili na nusu! Hiyo ni kuni peke yake. Maji, kupika na jembe havimo.

Tena si mama peke yake anayekwenda porini. Tangu mwaka 2016 watoto wetu hawalipi ada katika shule za serikali, tangu shule ya msingi hadi kidato cha nne. Hilo ni jambo kubwa. Lakini ada ikiondoka, tita la kuni halijaondoka. Mama akiumwa, anayetumwa ni binti. Anafika shuleni amechelewa, shingo inauma, na mwalimu amekwisha futa somo la kwanza ubaoni. Kaka yake saa hizo yuko darasani.

Wako wanaosema, "Tungoje umeme. Ukifika, shida hizi zitakwisha." Jambo hili limechunguzwa. Huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, umeme ulipelekwa vijijini baada ya utawala wa ubaguzi kwisha mwaka 1994. Mtafiti Taryn Dinkelman alitoa matokeo yake mwaka 2011. Vijiji vilivyopata umeme vilipunguza kupikia kuni. Wanawake walipata nafasi. Katika kila wanawake 100, wengine kama 9 zaidi waliingia katika ajira.

Sasa tusikie habari za jirani zetu wa Kenya. Watafiti Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram walifanya uchunguzi Busia na Siaya. Vikundi vya kaya vilichaguliwa kwa bahati nasibu. Vingine viliungiwa umeme bila malipo. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Maisha ya waliopata umeme hayakuonyesha tofauti kubwa na ya wenzao. Watu walikuwa na taa, lakini umeme waliotumia ulikuwa kidogo sana.

Mimi napata funzo moja hapa. Taa ni kitu kizuri, maana mtoto anasoma usiku. Lakini taa haipiki ugali. Kama umeme unaishia sebuleni, na jikoni yamebaki mafiga matatu, mama bado yuko njiani na tita kichwani.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia. Lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034, Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanaitumia. Hilo ni lengo jema. Lakini sisi wa vijijini tunajua kwamba mtungi wa gesi ukiisha unataka fedha, na fedha huja wakati wa mavuno. Basi tusikae kungoja.

Nyumbani kwetu tulifanya mambo mawili. Kwanza, tulijenga jiko banifu kwa udongo na matofali. Moto wake haupeperushwi na upepo, na kuni hazili ovyo. Tunapasua kuni ndogo ndogo na kuzikausha kabla ya kuzitumia. Tukatoka safari 3 kwa wiki hadi safari 2. Hizo ni saa 8 kwa wiki, au saa 416 kwa mwaka. Ni siku 52. Tumeokoa siku 26.

Pili, tulikaa na baba watoto tukazungumza. Safari moja kati ya hizo mbili ikawa yake na kijana wetu. Huenda Jumamosi kwa baiskeli. Mwanzoni watu walicheka. Walisema mwanamume ametawaliwa. Yeye aliwajibu, "Ugali naula mimi pia." Sasa wako wengine wawili wanaopita na baiskeli zao.

Jambo la pili ndilo gumu zaidi. Ukiokoa saa za kuni, kisha saa hizo zikajazwa kazi nyingine za mama yule yule, hujaokoa kitu. Saa nilizopata mimi nimezipeleka kwenye kisomo. Binti yetu amezipeleka shuleni.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, wadadisi wakija, mama ajibu mwenyewe. Asiseme, "Nipo nipo tu." Aseme saa za kuni, saa za maji na saa za shamba. Asiogope. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inawataka watunze siri za kila mtu. Mficha uchi hazai. Saa zisizosemwa haziandikwi, na zisizoandikwa hazipangiwi fedha. Saa hizo tuzitaje pia katika mkutano mkuu wa kijiji, tunapopanga kisima, shamba la miti na majiko.

Leo jioni chukua kalamu. Andika ni mara ngapi kwa wiki watu wa nyumba yako huenda kuni, na kila safari ni saa ngapi. Zidisha. Zidisha tena kwa 52. Gawanya kwa 8. Kisha soma jibu lako kwa sauti, wote wa nyumbani wakisikia.