Ulimi wa Nyama ya Kifua

Sehemu kubwa ya umri wangu wa kazi niliuguza wagonjwa, kwanza Kitale na baadaye Bungoma, na aghalabu ya wale waliopatwa na saratani ya ulimi walitufikia wamechelewa, ama kwa kuwa kidonda hakikuwauma mwanzoni, ama kwa kuwa, wakiwa wazoefu wa tumbaku na pombe, ambazo ndizo sababu kubwa za maradhi hayo, walidhani ni jino tu linalowachoma. Kuwapasua hatukuweza; tuliwapa barua ya rufaa ya kwenda Eldoret, nao wakirejea salama, kwa rehema ya Mola, ndipo zamu yangu ilipoanza.

Wakiisha kuikata sehemu ya ulimi yenye saratani, wapasuaji huliziba pengo linalobaki ama kwa ngozi ya kigasha, ambayo mishipa yake ya damu huungwa na ile ya shingo kwa msaada wa darubini, ama kwa namna aliyoieleza Stephan Ariyan wa Marekani mwaka 1979, nayo ni kuinua kipande cha msuli wa kifua pamoja na ngozi yake na kukipitisha chini ya ngozi ya shingo hadi kinywani, bila kuukata mshipa unaokilisha. Na namna hii, maadamu haihitaji darubini, ndiyo ifaayo palipo na uhaba wa vifaa. Nyama hiyo hujaza kinywa, ila haionji chumvi wala haijongei kwa hiari yake. Tena nywele za kifua huendelea kuota humo humo mdomoni, hata mzee mmoja wa Kimilili akaniandikia katika daftari: “Sista, wembe nitautia wapi?”

Mtaalamu wa matamshi hatukuwa naye, basi kazi hiyo ikaniangukia mimi. Nilimfundisha mzee yule kuinamisha kidevu kabla ya kumeza uji, usije ukaingia njia ya pumzi, kisha tukakaa na kioo. Ncha ya ulimi wake ilikuwa imeondolewa, shina likabaki. Kwa hiyo “Bungoma” ilimtoka mapema, kwani midomo na shina vyatosha kuitamka, ilhali “Kitale” ilimtaabisha miezi mingi, kwa kuwa t na l hutaka ncha.

Alirudi kuuza vitunguu soko la Chwele, na kilichomuudhi huko si maumivu, bali wanunuzi waliomkatiza na kumsemea. Nawe msomaji, ukikutana na mtu wa namna hii, mngoje amalize neno lake.