Gari la Marehemu Baba

Marehemu baba alituachia Peugeot 504, gari la aina iliyoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Chumvi ya bahari ilikuwa imelila. Mama alipomaliza eda tuliazimia kulitengeneza upya, naye akaridhia. Fundi alikwangua sakafu mpaka bati likabaki tupu, akakata penye kutu, akachomelea bati jipya na kupaka rangi. Gari likang'aa.

Safari ya kwanza tulikwenda Malindi kuwazuru jamaa. Njia nzima gari lilivuma kama paa la mabati wakati wa masika. Tulipovuka daraja la Kilifi, mama, aliyeketi nyuma, alisema jambo mara mbili. Sisi tukaitika, "Inshallah, Mama," bila kusikia. Akanyamaza. Tukadhani ni majonzi.

Mwezi ukapita. Usiku mmoja baada ya chakula akatuuliza, "Wanangu, lile deni la baba yenu mmelilipa?"

Tukatazamana. Kumbe ndilo alilotueleza njiani: baba alikopa fedha kwa rafiki yake wa Malindi ili atengeneze injini ya gari lilo hilo. Deni la maiti hutangulia mirathi, nasi tulikuwa tumekwisha kutumia fedha katika rangi na viti. Tulilipa wiki ile ile, tukamtaka radhi mdai, kisha tukamtaka radhi mama.

Ndipo tukarudi kwa fundi. Alitufahamisha kwamba bati tupu hutetemeka kama ngozi ya ngoma, na kwamba vipande vya lami alivyovikwangua pamoja na kutu ndivyo vilivyokuwa vikilituliza. Badala yake tulibandika vipande vya mpira unaonata, vyenye utando wa alumini juu. Mpira huo huupokea mtetemo na kuugeuza kuwa joto kidogo. Si lazima kufunika bati zima: robo hadi nusu ya kila eneo pana hutosha. Kelele zinazopenya hewani zina dawa nyingine, nayo ni kuziba matundu ya sakafu yasiyo na kazi, kubadili mipira ya milango iliyochakaa, na kutandika tabaka zito chini ya zulia. Matundu ya kutolea maji chini ya milango tuliyaacha wazi, wala hatukuweka kitambaa kinachonyonya unyevu, kutu isije ikarejea.

Gari sasa lina utulivu unaolingana na umri wake. Hata hivyo hatujidanganyi: kelele zilikuwa za gari, lakini ile inshallah ilikuwa yetu.

Juzi tulipita tena Kilifi. Mama akasema jambo kwa sauti ya chini, nasi tulilisikia vyema. Kaka yetu aliegesha gari kando ya njia, akageuka, akamwomba alirudie.