Picha Yangu ya Kwenye Meli



Leo sina mahubiri. Nina ungamo. Nakuomba ulisome hadi mwisho, hasa kama una kijana nyumbani aliyemaliza shule na bado hajapata kazi.

Jana jioni, baada ya maombi ya katikati ya wiki, kijana mmoja wa kanisa letu hapa Matasia alibaki nyuma wengine walipokuwa wakipanga viti. Alikuwa ameshika bahasha ya kaki. Akaniambia, "Pasta, naomba uweke mikono juu ya hii." Ndani mlikuwa na shilingi 150,000. Mama yake ameuza ng'ombe mmoja na nyingine amekopa kwenye chama. Kuna ajenti Nairobi amemwahidi kazi kwenye meli ya kitalii, zile zinazozunguka dunia nzima, na amempa hadi kesho Ijumaa kuleta pesa.

Nikamuuliza, "Umemwamini vipi mtu huyu?" Akatoa simu akanionyesha picha. Picha yenyewe haikuwa ya ajenti. Ilikuwa yangu.

Wengi wenu mnaifahamu. Niko kwenye staha ya juu, shati jeupe, miwani ya jua mkononi, nyuma yangu bwawa la kuogelea na bahari isiyo na mwisho. Niliiweka mtandaoni mwaka 2014 na kuandika chini yake kwamba Mungu ameniinua. Mama yangu aliiweka kwenye fremu, na mpaka leo iko ukutani kwake.

Mpendwa, nikueleze jinsi picha ile ilivyopigwa. Ilikuwa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, wageni wakiwa bado wamelala. Mfanyakazi wa daraja langu hakuruhusiwa kukaa pale. Mwenzangu alinipiga haraka, tukakimbia kurudi chini kabla msimamizi hajatuona. Sikuwahi kuogelea katika bwawa lile hata siku moja. Na miwani haikuwa yangu.

Sasa nikupe siku yenyewe, ile ambayo sikuipiga picha.

Meli ile ilibeba wageni karibu 2,000, na sisi wafanyakazi tulikuwa karibu 900. Ilikuwa safari ya kuizunguka dunia, miezi minne hivi. Safari za namna hii si jambo jipya. Mwezi Novemba 1922 meli Laconia ya kampuni ya Cunard iliondoka New York na abiria waliolipia kuzungushwa dunia nzima na kurudi pale pale walipoanzia. Mgeni wa leo hulipa mamilioni ya shilingi. Huamka akapata chakula cha asubuhi kimepangwa meza baada ya meza. Kuna mhadhara juu ya nchi inayofuata, kuna mafunzo ya kucheza dansi, kuna kadi na kusuka sufi. Jioni huvaa suti na gauni refu, akala sahani tano, akasikiliza muziki, akalala. Kukicha, yuko nchi nyingine, au yuko bahari ile ile.

Mimi nilikuwa mtunza vyumba. Nilikuwa na vyumba 16, na kila chumba nilikiingia mara mbili kwa siku. Asubuhi kutandika, kusugua choo na bafu, kubadilisha taulo. Jioni kurudi kukunja shuka upande mmoja, kuweka chokoleti juu ya mto na karatasi ya ratiba ya kesho. Nilifundishwa kukunja taulo likawa tembo. Wageni wakifurahi waliniuliza kama kwetu kuna tembo, nami niliwajibu kwamba kwetu Matasia tuna vilima vya Ngong na upepo mwingi, tembo ni mpaka uende mbugani.

Katika mkataba wote sikuwa na siku ya mapumziko. Nasema siku nzima, mpendwa, hata moja. Ulikuwa na saa za kupumzika katikati, lakini siku ya kuamka ukasema leo siendi kazini haikuwepo. Sheria ya kimataifa ya kazi za baharini inasema baharia apumzike angalau saa 10 katika kila saa 24. Hesabu mwenyewe zinazobaki.

Tulilala chini, sitaha za mwisho, watu wawili katika chumba chenye vitanda vya kupandana na kisicho na dirisha. Ukizima taa hujui kama ni usiku wa manane au adhuhuri. Bahari ikichafuka unasikia maji yakigonga chuma karibu na kichwa chako. Maji ya kuoga yalikuwa yale yale ya baharini, meli inayasafisha yenyewe kwa mitambo hadi yawe matamu. Niliwaza juu ya mama akisubiri boza la maji nyumbani, nami niko juu ya maji yote ya dunia.

Tulikuwa tunaelekea magharibi. Basi usiku mara kwa mara saa zilirudishwa nyuma kwa saa moja, na sisi kule chini tulishangilia, maana ni saa moja zaidi ya kulala. Lakini hakuna kitu cha bure. Katikati ya Pasifiki kuna mstari wa tarehe, na ukiuvuka kuelekea magharibi unapoteza siku nzima. Tulilala Jumamosi, tukaamka Jumatatu. Wageni walicheka, wakapewa vyeti vya kumbukumbu. Mimi nilikaa kitandani nikajiuliza Jumapili yangu imeenda wapi. Kisha nikajijibu kwamba hata zile Jumapili zilizokuwepo sikuzitunza. Nilikuwa nimeziuza zote.

Na usidhani huko juu kulikuwa mbinguni. Kulikuwa na mama mmoja mzee, hiyo ilikuwa safari yake ya tatu ya kuzunguka dunia. Kila asubuhi alinigongea kengele nikamkunjie blanketi ambalo tayari limekunjwa. Nilichelewa kuelewa. Alitaka mtu wa kuzungumza naye dakika tano. Ametembea nchi nyingi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, na hakuwa na wa kumsimulia.

Nikifika bandarini nilipewa saa chache. Wenzangu wengi hawakwenda kuona mji. Tulitafuta mahali penye intaneti. Mama akipokea simu yuko kwenye genge lake la mboga stejini, matatu zinapiga honi, na swali lake lilikuwa moja: "Unakula vizuri, baba?" Nami nilimsimulia chakula cha wageni kana kwamba ni changu.

Hapo ndipo dhambi yangu ilipo, mpendwa. Kutandika vitanda si dhambi. Kazi ile ilikuwa halali, na Mungu aliitumia. Mshahara wake ulimjengea mama vyumba viwili na kumnunulia tangi la maji. Dhambi yangu ni kwamba niliwaonyesha watu wangu staha ya juu na kuificha ya chini, ili nionekane.

Na uongo una watoto. Mtoto wa mama yangu mdogo aliiona picha ile. Alikuwa na pikipiki yake ya boda boda, inamlisha yeye na mke wake. Aliniandikia: "Kaka, huko ni kama naona?" Nikamjibu, "Ni baraka tupu." Sikumwambia kwamba kabla ya kupata nafasi ile nilikuwa nimefanya usafi wa vyumba katika hoteli moja ya Pwani kwa miaka sita. Sikumwambia kuhusu mafunzo, wala kuhusu mkataba. Aliuza pikipiki, akaongeza na akiba ya mkewe, akampa mtu shilingi 180,000. Akaambiwa ashuke Mombasa, meli inamsubiri. Alikaa Mombasa siku tisa. Hakukuwa na meli, na simu ya yule mtu ilikuwa imezimwa.

Niliporudi nyumbani nilimpa pole. Nilimwambia shetani ni mwizi. Sikumwambia kwamba mlango aliopitia mwizi nilikuwa nimeufungua mimi. Ndugu yangu, najua huwa unasoma hapa. Leo nakuambia mbele ya kanisa: nilikudanganya, na nikakuacha ubebe peke yako. Nisamehe. Jumamosi nitakuja kwako Kiserian, tuongee pia habari za pikipiki.

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 27 ukapate kuisoma yote. Meli imo katika dhoruba, watu 276 ndani. Usiku, mabaharia wanataka kutoroka. Wanateremsha mashua, wakijifanya wanakwenda kushusha nanga upande wa mbele. Ukiwatazama kwa mbali ungesema hawa ni wachapa kazi, lakini wangefanikiwa, wengine wote wangeangamia. Paulo, mfungwa asiye na cheo chochote melini, ndiye aliyesema ukweli, na askari wakazikata kamba za ile mashua. Mwishowe wote 276 walifika nchi kavu. Luka anatupa hesabu ya watu wote pamoja, hatenganishi wa juu na wa chini.

Nimelisoma neno hilo miaka mingi nikijiona mimi ni Paulo. Jana usiku nilijiona katika ile mashua. Picha yangu ilikuwa nanga ya kujifanya.

Kwa hiyo bahasha sikuiombea. Nilimrudishia kijana mkononi. Mama yake alinipigia simu saa tatu usiku, akaniuliza, "Pasta, wewe ulienda, ukajenga. Kwa nini wangu asiende?" Ni swali la haki, na leo namjibu yeye pamoja nawe.

Mama, sijasema asiende. Wakenya wanafanya kazi kwenye meli hizi, na aende akitaka, lakini apite mlangoni. Baharia hulipia pasipoti yake, kitabu chake cha baharia, na cheti cha daktari. Atalipia pia mafunzo ya msingi ya usalama: kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza, na wajibu wake melini. Mafunzo ya ubaharia yanatolewa Mombasa, pale Bandari Maritime Academy. Lakini nafasi ya kazi yenyewe hainunuliwi. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya nayo imeuridhia, unakataza ajenti kumtoza baharia pesa ili amtafutie kazi. Anayekuambia lete laki moja na nusu nikupe meli, amekwisha kukuonyesha yeye ni nani. Kabla ya kutoa hata shilingi, uliza mamlaka ya bahari, KMA, Mombasa, kama ajenti huyo ana leseni.

Na akienda, aende akijua. Mwaka 2020 korona ilipofunga bandari, meli za kuzunguka dunia zilikatisha safari, na kufikia mwezi Aprili zile za mwisho zilikuwa zinateremsha abiria wao. Wageni walipata njia ya kurudi makwao. Wafanyakazi wengi walibaki ndani ya meli kwa miezi, wakisubiri nchi zifungue milango. Yote mawili ni kweli, mshahara na upweke. Kijana wako ana haki ya kuambiwa yote mawili.

Nawe unayesoma, labda hujawahi kupanda hata feri ya Likoni. Lakini una picha yako. Uko Qatar au Saudia, unapiga picha ndani ya gari la bosi. Uko Nairobi, umepanga chumba kimoja, unapiga picha kwenye ukumbi wa hoteli uliyoenda kupeleka mzigo. Huku nyumbani mdogo wako anaitazama usiku, anahesabu cha kuuza. Mpendwa, kabla hajauza, mpigie umwambie sehemu ya chini.

Leo asubuhi nilitafuta picha ya chumba changu cha kule chini niiweke hapa badala ya ile nyingine. Nimepekua simu za zamani na albamu ya mama. Sina hata moja. Miezi tisa ya mkataba, na sikuona kimoja cha kweli kinachostahili kupigwa picha. Ndiyo maana nimekuandikia.

Tuombe.

Baba, katika jina la Yesu, nisamehe kwa ushuhuda niliotoa nusu. Mlinde kijana huyu hadi Ijumaa ipite. Ulainishe moyo wa mama yake, na ng'ombe aliyeuzwa asipotee bure. Wakumbuke watoto wetu walio baharini usiku huu, wanaokunja shuka za wengine, na uwafikishe wote nchi kavu. Tupe ujasiri wa kusema ukweli kwa wale wanaotupenda. Amina.

Kama una mtu wako melini au ng'ambo, andika jina lake la kwanza hapa chini, tutamtaja katika maombi ya Ijumaa. Na kama mama wa kijana wangu unasoma, mlango wangu uko wazi hata usiku. Njoo tuzungumze kabla ya kesho.