Sauti ya Nne



Baada ya Misa ya Jumapili iliyopita baadhi yenu mliniuliza kwa nini Halmashauri ya Walei ilitumia karibu saa nzima kujadili vijipande vya plastiki visivyozidi kidole cha mtu mzima, ilhali paa la nyumba ya katekista bado linavuja. Swali hilo ni la haki. Nimeona nilijibu hapa kwa kirefu, kwa kuwa wengi wanaosoma tafakari hizi za kila juma ni wana wa Same walioko Dar es Salaam, Arusha na Mererani, na jambo lenyewe linawahusu wao kuliko wanavyodhani.

Kwaya yetu haina sauti ya nne. Ya kwanza na ya pili zimejaa, ya tatu ina watu wa kutosha, lakini besi imebaki na wazee wawili, na mmoja wao husumbuliwa na kifua msimu wa vumbi. Wanaume wenye sauti hiyo wamekwenda kunako kazi. Mwezi Desemba wanarudi, benchi la nyuma linajaa, kanisa linatikisika. Kisha Januari basi za kwenda Dar zinawachukua tena, nasi tunabaki na nyimbo zisizo na sakafu.

Miaka michache iliyopita marafiki wa parokia kutoka Ujerumani walituachia klarineti ya besi iliyokwisha kutumika. Wengi wenu mliiona ikiwa kwenye sanduku lake ndani ya sakristia na mkaidhania kuwa bomba la maji. Ni ndugu mkubwa wa klarineti ya kawaida: hushuka oktavu moja chini yake, shingo yake ni ya chuma, na kinywa chake cha chini hupinda kwenda juu kama kiko. Umbo lake la sasa latokana kwa sehemu kubwa na Mbelgiji Adolphe Sax, aliyeiboresha mwaka 1838, kabla hajabuni saksafoni. Noti zake za chini zinafika kina cha waimbaji wetu wa besi, na kupita hapo.

Hatukuwa na wa kuipuliza, mpaka alipostaafu na kurudi nyumbani mzee mmoja aliyetumikia bendi ya polisi kwa miaka mingi. Ni yeye aliyetufundisha kwamba sol-fa yetu, ambayo wasomi wengine huidharau, ni msaada mkubwa hapa. Chombo hiki hutoa sauti iliyo chini ya noti inayoandikwa, hivyo anayesoma mistari mitano lazima ahamishe kila noti. Mzee hahangaiki. Mpiga kinanda akishika Do kwenye C, yeye huweka Do yake kwenye D. Kinanda kikiwa G, yeye yuko A. Na mengine yote yanasomwa kama yalivyoandikwa kwenye karatasi ya kwaya. Anawafundisha mabinti wawili wa sauti ya pili, wa kidato cha tatu, ili asipokuwepo chombo kisirudi sandukuni. Kwa umri wake, analisema hilo bila kuzungusha maneno.

Basi tufike kwenye kile kijipande. Klarineti hutoa sauti kwa sababu ya ridi: ubapa mwembamba unaofungwa juu ya mdomo wa chombo, ambao hutetemeka mpigaji anapopuliza. Kwa asili ridi hukatwa katika tete linaloitwa Arundo donax, na yanayosifika zaidi hukua kusini mwa Ufaransa, mkoa wa Var. Kijana mmoja alishauri tukakate matete Ziwa Jipe tuokoe fedha. Mzee alicheka, akamweleza kwamba si kila jani la majini ni tete la muziki. Lile la Ufaransa huachwa likomae miaka miwili, hukatwa wakati wa baridi, kisha hukaushwa polepole kabla ya kuchongwa.

Tatizo la tete ni maji, nasi tunaishi mahali ambapo maji hayajui kiasi. Mji wa Same uko upande wa milima usiopata mvua. Hewa ni kavu, na upepo wa mchana hukausha hata maji ya baraka chomboni. Mpigaji hulowesha ridi mdomoni, anapiga Utukufu vizuri, anakaa kusikiliza masomo na mahubiri, na inapofika nyimbo za matoleo ncha ya ridi imejikunja kama jani la mgomba juani. Hapo hewa huvuja na chombo hupiga kelele ya bata. (Wapo wasemao kwamba ni urefu wa mahubiri yangu. Nimewasikia.) Tukipanda kwenye vigango vya juu, upande wa Chome chini ya Shengena, mambo hugeuka: ukungu unaingia kanisani kwa madirisha, ridi ile ile inavimba, inakuwa nzito, na mzee anatafuta pumzi. Umbali ni wa saa chache za gari, lakini kwa ridi ni nchi mbili.

Ridi ya plastiki hainywi maji. Wako wanaozitengeneza kwa ustadi, kama kampuni ya Légère ya Kanada iliyoanza mwaka 1998, na wapigaji wa orkestra kubwa wanazitumia. Bei ndiyo inayoshtua, kwani moja yaweza kukaribia au hata kuzidi bei ya boksi zima la ridi tano za tete. Kabla ya kununua, mpiga saksafoni mmoja wa Moshi alituazima ya kwake. Ni vema kujua kwamba ridi za saksafoni ya tenori hukaa vizuri kwenye midomo mingi ya klarineti ya besi, na katika nchi yenye bendi za dansi hizo ni rahisi zaidi kupatikana. Tuliijaribu Jumapili moja mjini na iliyofuata kigangoni, na haikubadilika. Mzee alikiri hivyo, ila akaongeza kwamba sauti yake ni kavu kidogo, na kwamba kama ni kwa ajili yake peke yake angebaki na tete.

Mdomo wa chombo nao ulikuwa na hoja yake. Ule uliokuja sandukuni una mwanya mpana kati ya ncha yake na ridi. Katika chombo hiki mwanya huo aghalabu hukaribia milimita mbili, na robo ya milimita tu hubadilisha kila kitu: mwanya mpana hutaka ridi laini na midomo yenye nguvu; mwembamba huvumilia ridi ngumu zaidi na kumtii mpigaji dhaifu. Meno ya juu ya mzee wetu ni ya bandia, na meno ya juu ndiyo yanayokaa juu ya mdomo wa chombo na kupokea mtetemo wote. Kwa hiyo tuliazimia kutafuta mdomo wa mwanya mwembamba, na kubandika juu yake kipande cha mpira cha kulinda meno. Mdomo wenyewe ni wa mpira mgumu uliopikwa pamoja na salfa. Tafadhali, anayesafisha sakristia asiuoshe kwa maji ya moto, utapinda.

Mjumbe mmoja, mtu ninayemheshimu sana, alipinga. Plastiki, alisema, haifai altareni; Mungu atolewe kitu cha kweli. Akakumbusha kwamba klarineti bora za dunia zimechongwa kwa mpingo, mti wa kwetu, na kwamba hapo Moshi marehemu Sebastian Chuwa, aliyefariki mwaka 2014, alitumia miaka mingi kuotesha miche ya mpingo na kuwafundisha watoto kuitunza. Yote ni kweli, na ni aibu kwamba mti unatoka kwetu na chombo kinaturudia kama zawadi ya mitumba. Lakini chombo tulicho nacho kiwiliwili chake ni cha plastiki tayari, na nashukuru, maana mpingo unaopelekwa kila juma kutoka ukame hadi ukunguni waweza kupasuka. Hati ya Mtaguso juu ya Liturujia, ya tarehe 4 Desemba 1963, inaipa ogani ya mabomba heshima ya pekee na kuruhusu vyombo vingine, kwa idhini ya mamlaka ya Kanisa mahalia, iwapo vinafaa au vinaweza kufanywa vifae kwa matumizi matakatifu na kuwasaidia waamini kusali. Sioni humo kwamba tete ni takatifu kuliko plastiki.

Aliyemaliza mjadala ni muuguzi wetu. Aliuliza watu watatu watapuliza kitu kimoja kwa utaratibu gani, katika nchi yenye kifua kikuu. Tete haisafishiki vema. Plastiki huoshwa kwa sabuni. Tukaamua ridi tatu, kila mmoja na yake, mbili laini za mabinti na moja ngumu kidogo ya mzee. Mdomo ni mmoja, utakaooshwa kila anapobadilika mpigaji. Boksi moja la tete litabaki kwa mzee, la siku ambazo hewa itakuwa na huruma.

Fedha hazikutoka kwenye mfuko wa paa. Kwaya imeahirisha sare mpya za Pasaka, na akina mama wa milimani wanaolima tangawizi wamechangia sehemu. Kilichopungua ni mdomo wa chombo, na hauuzwi hapa. Mwana wa Same aliyeko ng'ambo, anayetarajia kuja likizo na mwenye nafasi ndogo kwenye begi, amwone mwalimu wa kwaya ili apewe vipimo.