Nyayo za Mtoto Wetu



Walimu wenzangu wameniomba mara nyingi niandike habari ya mtoto wetu wa tatu, nami nimekawia, maana habari hii haina sifa kwangu. Lakini yamkini yuko mzazi asomaye ukurasa huu ambaye leo anafanya kama nilivyofanya mimi. Kwa ajili yake naandika.

Mtoto huyu alizaliwa mwaka wa 2014, nyayo zake zote mbili zimepinda kuelekea ndani, hata zikatazamana kama viganja viwili. Majirani wakanong'ona. Wengine walisema mama yake alivunja mwiko. Wengine wakasema ni deni la wazee. Mimi, niliyezoea kuwakemea watu kwa maneno kama hayo, nilinyamaza. Nilimwambia mke wangu amfunike mtoto vema kila atokapo, na kwa muda wa miezi mitano hakuna mgeni aliyeiona miguu yake. Hata siku moja mama mkwe akaniambia, "Mwalimu, nguo haiponyi mguu."

Basi tukashika njia kutoka Taita mpaka Kijabe, penye baridi na ukungu. Huko iko hospitali ya mifupa ya watoto iliyofunguliwa mwaka wa 1998, ya kwanza katika zile zilizoanzishwa na Daktari Scott Harrison wa Marekani, ambaye mwaka wa 1986 alikwenda Malawi kwa kazi ya kupasua. Juma lile tulimkuta daktari mzee, mgeni kutoka ng'ambo, aliyekuja kwa majuma mawili bila mshahara. Kazi yake hasa ilikuwa migongo. Kitanda cha pili alilala msichana mwenye kibiongo. Kifua kikuu kilikuwa kimeingia katika uti wa mgongo, kikala mifupa. Maradhi hayo yakitambuliwa mapema, mara nyingi dawa hutosha. Yakicheleweshwa, mgongo huvunjika na kupinda, na kuunyosha ni kazi ya saa nyingi, yenye hatari.

Nilipoyasikia hayo nikaogopa kisu. Lakini yule mzee alimshika mtoto wetu miguu, akatabasamu, akasema kwamba hapa kisu hakina kazi kubwa. Akatueleza habari za Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa kisiwa cha Menorca katika Hispania, aliyeikimbia nchi yake mwaka wa 1939 kwa sababu ya vita, akafika Iowa katika Marekani. Huko aliona ya kuwa wengi waliopasuliwa nyayo utotoni walikuwa watu wazima wenye miguu migumu na maumivu. Akatafuta njia ya upole, akaishika mpaka uzee wake. Alifariki mwaka wa 2009. Ni kama wasemavyo wazee wetu, samaki mkunje angali mbichi. Kano za mtoto mchanga ni laini. Kila juma mguu huvutwa polepole, ukafungwa plasta toka vidoleni mpaka pajani. Baada ya plasta tano au saba, mara nyingi hukatwa kidogo ile kano ya kisigino, ukafungwa tena majuma matatu.

Nalistaajabu kuona mgeni hakuifanya kazi ile mwenyewe. Alimwita tabibu kijana, Mkenya, akamwachia mguu, na yeye akalishika paja kama msaidizi. Kabla ya kuondoka alituonyesha viatu vidogo viwili vilivyounganishwa kwa chuma. Mtoto atavivaa saa 23 kila siku kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala mpaka atimize miaka minne. Akasema, "Sisi tumenyosha. Kuulinda mguu ni kazi yenu."

Kazi hiyo ndiyo niliyoiharibu. Nyumbani, usiku wa joto, mtoto alilia. Mke wangu alipotaka kumfunga viatu nilimwambia, "Mwache, miguu imekwisha kunyoka." Haukupita mwaka, mguu wa kushoto ukaanza kurudi ndani.

Tuliporudi Kijabe, nilitafuta maneno ya kujitetea njia nzima. Yule mzee alikuwa amekwisha kwenda kwao. Tabibu kijana alikuwapo. Nikamwambia kweli. Akajibu, "Mwalimu, wengi hurudi hivi. Tuanze tena." Akachovya plasta majini. Toka siku ile nilivifunga viatu kwa mikono yangu kila usiku, mtoto akilia na asipolia, mpaka mwaka wake wa nne ukaisha.

Leo huenda shule kwa miguu, na viatu vyake huisha upesi kwa mpira. Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, lakini mgeni hulala siku chache.

Walimu wenzangu, katika watoto elfu wazaliwao, kama mmoja huwa na nyayo za kupinda; basi hatuko mbali naye. Mtazameni pia mtoto aumwaye mgongo siku nyingi, ambaye akiokota kalamu huchutama kwa kuwa hawezi kuinama. Nendeni kwao, mseme na wazazi wake kwa upole. Mkimkuta baba anayemfunika mtoto, msimcheke; mwambieni mwalimu mmoja wa Taita alifanya hivyo miezi mitano, na anajuta.

Ni mimi ndugu yenu,
Mwalimu, Taita