Kabla ya Januari

Mtihani wa kumaliza darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo mtoto hana darasa. Kengele ya shule haimhusu tena, na sare yake ya zamani ameirithi mdogo wake. Kwa wengi wetu tuliosoma shule za serikali Tanzania, hiyo ndiyo likizo ndefu kuliko zote za utoto wetu. Nayo humalizika bila mtu kuiaga.

Huku Masasi na Newala likizo hiyo huangukia msimu wa korosho. Asubuhi vijana wapo kwenye mikorosho, wanaokota na kutenganisha korosho na mabibo, vinywa vimekakasika kwa mabibo waliyokula. Aliyeokota kwenye shamba la jirani hulipwa, na kwa wengine hiyo ndiyo hela ya kwanza waliyoitolea jasho. Jioni wako kiwanjani, wanacheza hadi mpira hauonekani. Wakirudi hukaa kibarazani wakizungumza mambo ambayo wakubwa hatuambiwi. Wana kazi, lakini saa zilizobaki ni zao, na kundi ni lile lile lililoanza pamoja darasa la kwanza.

Kisha ofisi ya serikali ya TAMISEMI hutangaza waliochaguliwa kwenda sekondari, na kundi linagawanyika siku hiyo hiyo. Mmoja amepangiwa Ilboru, kule Arusha, safari ya kuvuka nchi. Wengine wanakwenda shule ya kata. Yupo ambaye jina lake halipo, naye anaanza kupita njia za pembeni asikutane na swali. Nyumbani fomu ya kujiunga inasomwa kwa sauti: godoro, tranka, ndoo, jembe, ufagio, rimu ya karatasi, viatu vyeusi vya ngozi. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini orodha hiyo bado inamkosesha baba usingizi. Basi mazungumzo yote ni ya vifaa na nauli. Kila mgeni anasema hongera, sasa umekua. Hakuna anayesema pole.

Pole hiyo mtoto anaistahili. Anapoteza marafiki waliomjua kabla hajajua kuficha aibu. Anamwacha mwalimu aliyemfundisha yeye na hata dada yake, aliyejua nyumbani kwao kunaliwa nini mwezi wa njaa. Anaacha pia lugha aliyosomea. Tangu mwaka 1967 shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na Januari atakuta Sayansi na Jiografia zimegeuka Kiingereza. Nimewaona watoto waliokuwa wa kwanza kunyoosha mkono wakikaa kimya muhula mzima, na wakubwa wakasema wamekuwa wazembe. Hawakuwa wazembe. Walikuwa na msiba ambao hakuna aliyekuja kuwahani.

Wazee wa Kimakonde, Kiyao na Kimakua walijua kwamba utoto hauondoki hivi hivi. Wakati wa jando vijana walikaa kumbini, na siku ya kutoka kumbi lilichomwa moto. Walipewa nguo mpya na majina mapya, wakapokewa kwa ngoma na vigelegele. Si kila kilichofanyika huko ni cha kurudishwa. Lakini jambo moja lilikuwa sahihi: kijiji kizima kilikiri kwamba mtoto aliyeondoka hatarudi, na kilikuwepo kushuhudia. Mwenye kushuhudiwa huzuni yake haibebi peke yake.

Shule inaweza kumpa mtoto mengi. Namtakia kila binti na kila kijana wa huku afike kidato cha kwanza, na apite. Ila njia ya kwenda huko ina gharama isiyoandikwa kwenye fomu, na mlipaji ni mtoto mwenyewe. Tukimwambia kwamba hakuna alichopoteza, tunamfundisha mapema kwamba machozi yake ni utovu wa shukrani, na somo hilo atalibeba hadi utu uzima.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, kabla hujafunga tranka, mwachie siku moja isiyo na kazi wala kozi ya kujiandaa. Mwache azunguke na wenzake walikozoea. Pika chakula kinachotosha kundi zima, na mwite hasa yule ambaye jina lake halikutoka, maana yeye anaachwa na wote kwa mpigo. Wakikaa kimya, usiwaharakishe. Usiku mwulize mwanao atamkumbuka nani zaidi, umsikilize hadi amalize, ndipo umwambie pole. Hongera ataisikia kwa wengine.